Jibu: Namba 1 halafu kombe hana?
Dada, umeuliza inakuwaje timu ya softiboli (mchezo unaofanana na beisiboli) ya chuo Marekani iongoze orodha ya ubora halafu ikose kombe. Zile orodha za kila wiki ni kura tu. Mwezi Mei timu 64 huingia kwenye mashindano ya kombe, na kamati huzipa namba zile inazoona ni bora. Mwaka 2025 Texas A&M walipewa namba 1, wakatolewa na Liberty hatua ya kwanza kabisa, tena nyumbani kwao! Kombe likabebwa na Texas, namba 6. Kwenye mechi ya kwanza ya fainali, Canady, mrushaji wa Texas Tech, alikuwa anarusha mipira pembeni makusudi ili Reese Atwood wa Texas aende beisi ya kwanza bila kupiga. Atwood akaufuata mmoja kwa gongo, akaupata, wenzake wawili waliokuwa kwenye beisi wakakimbia na kuleta pointi mbili, Texas wakashinda 2–1. Orodha gani ingekuonyesha hilo?