Moshi utoke kwenye dohani, si kwenye dikoda

Kijana akija kwenye meza yangu hapa Moshi kujifunza kufunga dikoda, kile kibodi kidogo cha elektroniki kinachopokea amri na kuendesha kichwa cha treni ya mfano, mkono wake wa kwanza huenda kwenye solda. Namnyang'anya, nampa mita. Siku za mwanzo hunichukia kwa hilo, na simlaumu.

Mimi ni fundi redio, mtoto wa mtu wa reli. Reli ya kutoka Tanga ilifika mji huu mwaka 1911, Arusha wakasubiri hadi 1929, na nyumbani kwetu habari za vichwa vya mvuke zilikuwa kama chakula. Kwa hiyo mzee mmoja mgeni aliyekuwa akihama aliponiachia sanduku la treni za mfano, zile za kipimo cha 1 kwa 87, nilijiona nimefika. Nikaagiza dikoda, nikaifunga usiku uleule ilipofika. Ikaishi sekunde mbili hivi. Mdogo wangu akasema, "Kaka, si ulituambia inatoa moshi? Haya, imetoa."

Sikukosea kuchoma waya. Nilikosea kabla sijashika waya.

Kwenye treni ya mfano ya kawaida, ukiongeza volti relini mota inakimbia, ukipunguza inapoa. Kwenye mfumo wa kidijitali reli zina umeme kamili muda wote, volti 14 au 15 hivi, na umeme huo unageuka-geuka upande maelfu ya mara kwa sekunde. Katika kugeuka kule ndimo ujumbe ulimo: kichwa namba fulani, nenda mwendo fulani. Dikoda inasoma, kisha inalisha mota yenyewe. Basi mota haitakiwi kukutana na reli kwa njia nyingine yoyote.

Vichwa vya mvuke vya zamani vina njia hiyo ya uchochoroni. Kaboni moja ya mota, kile kipande kinachoingiza umeme ndani yake, imegusa chasisi, chasisi imegusana na magurudumu ya upande mmoja. Umeme wa reli ya pili unaokotwa na magurudumu ya kibehewa cha makaa na kupita kwenye chuma kinachokiunganisha na kichwa. Kwa umeme wa kawaida huo ni ujanja mzuri, waya kidogo na kazi inakwenda. Ukiweka dikoda hapo, umeichimbia kaburi.

Kwa hiyo weka mita kwenye mlio, ile sehemu inayolia ncha mbili zikiwa zimeunganika. Ncha moja kwenye kaboni, nyingine kwenye chasisi, kisha kwenye magurudumu ya kushoto, kisha ya kulia. Hamia kaboni ya pili, rudia. Zungusha magurudumu huku unapima, maana kuna mguso unaojificha hadi mkono wa gurudumu ufike mahali fulani. Ikilia hata mara moja, acha kila kitu utafute. Mara nyingi dawa ni skrubu ya nailoni mahali pa ile ya chuma, au kipande cha utepe unaovumilia joto chini ya kaboni. Bodi ikisharudi, pima tena. Bodi ya chuma hubana waya na kuuchuna bila kukuaga.

Rangi za waya zitakaa kichwani zenyewe: nyekundu reli ya kulia, nyeusi ya kushoto, chungwa na kijivu ni za mota. Nyeupe taa ya mbele, njano ya nyuma, na bluu ndiyo chanya ya taa zote. Taa ya ledi bila rezista utaiona ikiwaka mara moja tu. Mimi huweka ya kilo-omu 1.

Kabla ya kununua dikoda, ipe mota volti 12, zuia magurudumu kwa kidole kwa sekunde moja, soma ampea. Dikoda nyingi za kipimo hiki hubeba ampea 1. Mota ikila zaidi ya hapo, tafuta dikoda kubwa, usibahatishe.

Dikoda nyingi hukaa kwenye kibehewa cha makaa kwa sababu ndiko kuna nafasi, hivyo waya kama sita lazima zivuke kutoka huko kuja kwenye kichwa. Hapo wengi hutumia waya wa earphone kwa kuwa ni mwembamba. Tafadhali usifanye hivyo. Nyuzi zake zimepakwa vanishi, risasi ya solda haishiki, na ikishika inakatika wiki ijayo. Tumia waya laini wa nyuzi nyingi, uuache ulegee. Niliwahi kuzikata fupi waya hizo zikae nadhifu. Treni ikaenda vizuri sana kwenye mnyoofu, ilipofika konani kibehewa kikanyanyuka kama mbuzi anayevutwa kamba.

Mara ya kwanza usiweke kichwa kwenye reli kuu. Weka kwenye kipande cha reli cha kupangia, ambacho umeme wake ni mdogo, kosa likiwepo usipoteze dikoda. Ikisomeka namba 3, ile ya kiwandani, waya zako ziko salama kiasi cha kujaribu. Kichwa kikienda kinyumenyume, usifungue tena bodi: CV 29, moja ya namba za mipangilio iliyohifadhiwa ndani ya dikoda, iliyokuwa 6 ifanye 7. Halafu kipe namba yake mwenyewe hapohapo, maana ukiwa na vichwa viwili vyenye namba 3 vyote vitaondoka pamoja, na kimoja kitakuwa kimeelekea ukingo wa meza.