Kipimo "kilipochukuliwa" au "kilikochukuliwa"?

Swali: Tunaandaa jedwali la vipimo vya maji ya mto, liingizwe katika mfumo wa taarifa za kijiografia. Safuwima moja nimeiita "kipimo kilipochukuliwa", lakini mwenzangu anashikilia iwe "kilikochukuliwa". Jedwali lenyewe tumelipa jina "Usimamizi wa Data za Usimamizi wa Mazingira". Nani kati yetu amekosea?

Jibu: Kisarufi, hakuna aliyekosea. Kirejeshi -po- hurejelea mahali mahususi, panapoweza kuonyeshwa kwa kidole, ilhali -ko- hurejelea upande au eneo lisilo na mpaka dhahiri. Kwa hiyo mwamuzi wenu ni data zenyewe. Latitudo iliyoandikwa kwa digrii yenye tarakimu 5 baada ya nukta humfikisha mtu karibu mita 1 na pale mlipochota maji, na hapo -po- inastahili kabisa; ikiwa na tarakimu 1 tu, hatua moja ya tarakimu hiyo ni takriban kilomita 11, na ingawa ramani itaichora kama nukta safi isiyo na shaka, mwandishi mwaminifu angesema "kilikochukuliwa". Kama mnachorejelea ni poligoni, yaani eneo lililochorewa mpaka kwenye ramani, -mo- ndiyo inayofaa: "bonde kilimochukuliwa".

Hata hivyo, neno lako lina mtego ambao mwenzako hakuutaja: -po- hubeba wakati pia. Chini ya kichwa "kipimo kilipochukuliwa", mmoja atajaza jina la kituo na mwingine atajaza tarehe, na wote wawili watakuwa wamesoma Kiswahili sawasawa. Kosa hilo si dogo, kwani oksijeni iliyoyeyuka katika maji yenye mimea mingi huwa chache alfajiri na kuongezeka alasiri kwa sababu ya usanisinuru, hivyo miligramu 5 kwa lita, bila saa, haifasiriki. Wekeni safuwima mbili: "mahali kilipochukuliwa" na "wakati kilipochukuliwa".

Jina la jedwali ndilo ningelifuta kwanza. Kusimamia ni kuongoza na kutunza. Kazi ya kurudi mtoni kila mara kupima ni ufuatiliaji, na kitenzi chenyewe kinaeleza hivyo, kwa kuwa fuatilia ni fuata iliyorudufiwa kauli ya kutendea, kama tupa inavyozaa tupilia, ili kuonyesha tendo lisiloachwa njiani. Andikeni "Usimamizi wa Data za Ufuatiliaji wa Mazingira".