Maswali ya Wasomaji: Kazi ya Eksirei na Utrasaundi kwa Wanyama

Toleo lililopita liligusia kwa mistari michache tu kazi ya fundi wa picha za uchunguzi katika tiba ya mifugo, yaani mtu anayempiga mnyama eksirei au kumpima kwa utrasaundi ili daktari aone kilichomo ndani ya mwili. Barua zilizofuata kutoka Unguja na Pemba zimeonesha kwamba mistari ile haikutosha. Tumechagua nne, na aliyezijibu ni daktari wa mifugo anayetuandikia ukurasa huu.

Assalaamu alaykum. Mimi ni kijana wa Chake Chake, nimemaliza kidato cha nne na nimefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia. Babu yangu anafuga ng'ombe na mimi napenda wanyama, lakini napenda mashine pia. Je, kazi hii ipo hapa kwetu, na mtu aanzie chuo gani?

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Katika hospitali kubwa za wanyama za vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, fundi wa picha hushinda kutwa kwenye kazi hiyo peke yake, akitoka kwenye eksirei akaingia kwenye utrasaundi, siti-skani na MRI, zile mashine kubwa zinazoonesha ndani ya mwili kipande kwa kipande. Kwetu visiwani kazi hiyo ni kipande cha kazi ya mtu mwenye majukumu mengine, ama daktari wa mifugo mwenyewe ama msaidizi wake. Kwa hivyo usitafute chuo kimoja kitakachokupa yote. Tafuta elimu mbili na uziunganishe.

Njia ya kwanza ni stashahada ya afya ya wanyama, ambayo hutolewa na Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo katika kampasi zake za Bara, kama vile Tengeru, Mpwapwa na Morogoro. Njia ya pili ni stashahada ya radiografia ya binadamu, yaani upigaji wa picha za ndani ya mwili, ambayo itakufundisha fizikia ya mionzi na kinga yake barabara, kisha ukajifunze wanyama kwa daktari wa mifugo. Ya tatu ni ndefu: umalize kidato cha sita, halafu usome shahada ya udaktari wa mifugo kwa miaka mitano katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Ningekuwa mzazi wako ningekuelekeza kwenye ile ya kwanza, kwa sababu kliniki ya mifugo ikibahatika kupata mashine, atakayekabidhiwa ni yule ambaye tayari yumo kliniki na anajua kumshika mnyama, si mgeni aliyekuja na cheti cha mashine.

Na kumshika mnyama, au tuseme kumlaza, ndiyo kazi yenyewe. Chukua mfano wa paka wa Mji Mkongwe, ambao huishi kwa utumbo wa samaki na mara nyingine humeza ndoana pamoja na kipande cha mshipi. Paka huyo akiletwa anatokwa na mate na hataki kula, picha ya kwanza hupigwa akiwa amelala ubavu, na ndoana itaonekana nyeupe kabisa kwa sababu chuma huzuia mionzi kuliko nyama na mfupa. Lakini picha hiyo moja haitamwambia daktari kama ndoana imeelekea kushoto au kulia, kwa hivyo paka hulazwa chali na kupigwa ya pili kwa pembe mraba na ile ya kwanza. Miguu ya mbele huvutwa mbele ili mabega yasifunike kifua, shingo hunyooshwa, kifua hupigwa mnyama anapovuta pumzi na tumbo hupigwa anapoitoa, na alama ya kushoto au kulia huwekwa kabla ya kubonyeza kitufe, si kukisiwa baadaye. Mshipi wa nailoni hautaonekana hata kidogo. Kinachoonekana ni utumbo uliojikusanya kama kitambaa kilichovutwa uzi, na utumbo huo hausomeki vizuri ikiwa paka alilazwa mshazari. Nyingi ya picha mbovu si kosa la mashine.

Kusoma picha na kutamka ugonjwa ni kazi ya daktari. Fundi mzuri huona mengi, na daktari mwenye busara humuuliza, lakini mwenye mnyama asiondoke na jawabu kutoka kinywani mwa fundi.

Mimi ni radiografa katika hospitali ya binadamu. Watu hunijia na mbuzi aliyevunjika mguu au paka aliyeanguka kutoka darini, wakiomba niwapigie picha saa za jioni. Mkuu wangu amekataza kabisa. Naona anawanyima watu msaada bure. Je, nakosea?

Mkuu wako yuko sahihi, ndugu yangu, na naandika hivi nikijua vyema jinsi mashine za wanyama zilivyo adimu kwetu. Chumba kinachomlaza mgonjwa mwenye kidonda si mahali pa kumwaga kinyesi cha mbuzi. Tena Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo inayotoa leseni na kukagua matumizi ya mionzi, na mashine iliyosajiliwa kwa kazi fulani hutumika kwa kazi hiyo. Lakini sababu iliyo kubwa kuliko zote ni ile ambayo hukuitaja: huyo mbuzi atashikwa na nani?

Binadamu unamwambia atulie na azuie pumzi, nawe unakwenda nyuma ya ukuta wako. Mbuzi hajui maneno hayo, na mazoea mabaya ya kazi hii kila mahali ni mtu kumshika mnyama kwa mikono wakati mionzi inapita. Aproni ya madini ya risasi uliyoizoea hupunguza mionzi inayotawanyika kutoka kwenye mwili wa mnyama. Haikukusudiwa kuzuia ule mwale wenyewe unaotoka kwenye mashine, na glovu za risasi ni vivyo hivyo. Mkono ulioingia ndani ya mwale umeingia, hata ukiwa na glovu. Ndiyo maana katika kliniki za mifugo zinazojiheshimu mnyama huchomwa dawa ya kutuliza na daktari, hukandamizwa kwa viroba vya mchanga, miguu hufungwa kwa kamba laini, na watu wote hutoka. Pale isipowezekana kabisa, mshikaji husimama mbali kadiri awezavyo, kwa kuwa anayehama kutoka mita 1 hadi mita 2 hupata robo tu ya mionzi aliyokuwa akiipata mwanzo.

Kiwango kinachokubalika kimataifa kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisivati 20 (kipimo cha mionzi anayoipata mtu mwilini) kwa mwaka, ukipimwa kwa kipindi cha miaka 5, na kwa mtu wa kawaida ni milisivati 1. Mwenye mbuzi ni mtu wa kawaida. Hana kifuani dozimita, kile kifaa kinachopima mionzi anayoipata mtu, na kama amekuja na mtoto wake wa skuli amsaidie kushika, huyo mtoto hatakiwi kuwemo chumbani kabisa.

Ukitaka kusaidia kweli, mtafute daktari wa mifugo aliye karibu nawe na umfundishe unachokijua, hasa kwa wanyama wakubwa. Punda wa gari akichechemea, mashine ndogo ya kubebeka huletwa alipo. Kaseti, yaani bamba linalopokea picha, huwekwa kwenye kishikio chenye mpini mrefu ili vidole vya mshikaji vikae mbali na mwale, naye punda husimama kwa miguu yote minne juu ya sakafu iliyo sawa. Hapo mwale huenda mlalo, jambo ambalo wazoefu wa meza husahau: lazima uangalie kilichoko nyuma ya mguu, kama ni ukuta wa mawe au ni makuti ambayo nyuma yake watu wamekaa barazani wakinywa kahawa.

Mimi ni mfugaji wa Micheweni. Ng'ombe akipigwa eksirei, je, maziwa na nyama yake bado ni salama? Na je, eksirei inaweza kuonesha kama ana mimba?

Salama, bwana. Mionzi ya eksirei hupita na kwisha pale pale mashine inapozimwa, wala haibaki mwilini. Wazee wa Unguja watakumbuka jambo linalofanana na hili: mbung'o walimalizwa kisiwani kwa kuachia kutoka kwenye ndege madume waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi, kazi iliyoanza 1994 na kukamilika 1997 kisiwa kilipotangazwa kuwa hakina tena mdudu huyo. Madume wale hawakuambukiza mionzi kitu chochote, na ng'ombe waliobaki wakanenepa. Unachopaswa kumuuliza daktari ni dawa ya kutuliza aliyomchoma ng'ombe wako, kwa sababu dawa ndiyo yenye siku za kungojea kabla ya kukamua au kuchinja.

Kwa mimba usihangaike na eksirei. Mashine ndogo haipenyi tumbo la ng'ombe mzima ikatoa picha ya maana. Tumia utrasaundi. Kichwa cha mashine huingizwa kwa njia ya haja kubwa na mkono uliovaa glovu ndefu, na mtaalamu mzoefu huiona mimba tangu siku ya 30 hivi, mapema kuliko anayepapasa kwa mkono peke yake. Mbuzi hupimwa kwa nje, kwenye ngozi isiyo na manyoya karibu na kiwele, kwa jeli.

Mimi ni binti wa Fuoni, nasomea afya ya wanyama. Nyumbani wananizuia kazi ya picha kwa mambo mawili: mbwa ni najisi, na mionzi itanizuia kuzaa. Niwajibu nini?

Mwanangu, la mbwa waulize mashekhe, nao watakueleza namna ya kujitoharisha kama tunavyoijua katika madhehebu yetu ya Shafi. Kwa upande wa kazi, gauni refu, glovu na sabuni ni lazima kwako kwa kila mnyama, hata huyo mbuzi ambaye nyumbani hawamkatazi. Tena mbuzi aliyetupa mimba ni hatari zaidi kwa afya yako kuliko mbwa, kwa sababu anaweza kuwa na bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza hata binadamu.

La uzazi wazazi wako wana haki ya kuliuliza. Mfanyakazi anayetoka chumbani kabla ya kitufe kubonyezwa, anayevaa dozimita yake kila siku na anayesomewa matokeo yake kwa wakati hupata kiasi kidogo cha mionzi, mbali sana na kile kinachodhuru uwezo wa kuzaa. Utakapopata ujauzito mwambie msimamizi wako mapema, hata kabla majirani hawajajua, kwa sababu kiwango cha kumlinda mtoto aliye tumboni ni kidogo kuliko chako. Tangu siku hiyo usimshike mnyama yeyote anayepigwa eksirei. Utrasaundi hutumia mawimbi ya sauti na haina mionzi hiyo, kwa hivyo unaweza kuendelea nayo mpaka likizo ya uzazi, mradi mwenzako ndiye asimame upande wa mateke.