Kindle au kitabu cha karatasi? Ushauri kwa msomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Ukitoa Kindle, ile mashine ya kusomea vitabu vya kielektroniki ya kampuni ya Amazon ya Marekani, ndani ya kosta ya Tukuyu kwenda Mbeya, jirani yako hakosi kuuliza. Kwanza: "Hiyo simu mbona haina rangi?" Kisha bei. Na akiwa mwalimu mwenzangu, ataongeza la tatu: kwa nini usisomee kwenye kishikwambi tu? Hilo la tatu ndilo lenye uzito, ngoja nianze nalo.

Ni kweli vishikwambi tunavyo. Baada ya Sensa ya 2022 Serikali iligawa vishikwambi kwa walimu, na changu kinanifaa sana kwa maandalio ya masomo na kazi za ofisi. Lakini riwaya ya kurasa mia nne humo ni adhabu. Kioo kinawaka kutoka nyuma, macho yanachoka. Ukitoka juani huoni kitu. Chaji nayo haikai. Halafu hujamaliza sura ya kwanza, kundi la ukoo limeshaanza kuita michango ya harusi. Kindle haina WhatsApp, na kwangu mimi hiyo ni nusu ya thamani yake. (Nasema Kindle kwa mazoea. Kuna mashine za aina hiyo za kampuni nyingine, kama Kobo, na mengi ya hapa yanazihusu zote.)

Kioo chake ni cha aina nyingine kabisa. Ndani kuna vifuko vidogo mno, upana wake kama wa unywele, na kila kimoja kina chembe nyeusi na nyeupe. Umeme ukipita, nyeusi zinapanda au zinashuka, na herufi inatokea. Zikishatulia hazili chaji tena mpaka ugeuze ukurasa. Ndiyo maana mtu anachaji leo na kukaa wiki kadhaa, na ndiyo maana jua likiwa kali maandishi yanazidi kuonekana. Zile zenye taa, taa zake ziko pembeni na zinamulika juu ya ukurasa, hazikupigi machoni. Kwa sisi ambao mvua ikinyesha umeme unaaga, hilo si jambo dogo.

Kisha kuna baridi yetu ya Juni na Julai. Anayesoma kitandani Mbeya au Njombe miezi hiyo anajua taabu ya kitabu kinene: mikono yote miwili nje ya blanketi, na vidole vimekufa ganzi kabla sura haijaisha. Kindle unaishika kwa mkono mmoja na kugeuza ukurasa kwa kidole gumba hicho hicho, mkono wa pili uko ndani kwenye joto. Usivae glovu za sufu tu, kioo hakizitambui. Watengenezaji wenyewe wanataka itumike kwenye nyuzi 0 hadi 35 za Sentigredi. Mtu wa Kitulo, ambako umande unaganda, asiilaze kwenye gari usiku, na anayeshuka Kyela asiianike kwenye dashibodi. Halafu ukungu. Tukuyu mvua ni nyingi, na vitabu vyangu vya rafu ya chini vina madoa ya kijivu na harufu ambayo haitoki hata ukivianika kutwa. Vilivyo kwenye Kindle haviozi.

Ila aliyenufaika kuliko mimi ni baba. Ni mstaafu, na alikuwa ameacha kusoma si kwa kukosa hamu, bali herufi zilimshinda hata akivaa miwani. Nikamwekea Biblia ya Kiswahili, nikakuza herufi mpaka ukurasa mzima ukabaki na mistari kama kumi. Akasoma Mithali mpaka chai ikapoa. Jumapili nikamwona anatoka na ile Biblia yake ya zamani yenye zipu. Nikamuuliza, mzee, mbona umeiacha mashine? "Mwanangu, mchungaji akisema Zaburi, halafu Warumi, halafu arudi Isaya, mimi na hiki kidude tutakuwa bado tunatafuta." Ana haki. Kusoma moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, Kindle ni raha. Kurukaruka, kurudi kurasa thelathini nyuma kuangalia jambo, kushikilia sehemu tatu kwa vidole vitatu, karatasi bado inashinda kwa mbali.

Kwa sababu hiyo hiyo simshauri mwanafunzi wa sekondari ainunue kwa ajili ya vitabu vya kiada. Taasisi ya Elimu Tanzania inavyo vitabu hivyo kwenye maktaba mtandao yake, lakini kurasa zake zimepangwa kwa ukubwa wa kitabu, na michoro na ramani zake zina rangi. Kindle ya kawaida ina kioo cha inchi 6 na haina rangi. Faili la PDF la ukubwa wa A4 ukiliweka humo, herufi zinakuwa kama sisimizi. Ukivuta ili zikue, mstari unakatika katikati na unabaki kusukuma ukurasa kushoto na kulia. Mchoro wa moyo wa binadamu bila nyekundu na bluu unamfundisha nini mtoto? Tangu 2024 zipo Kindle na Kobo za rangi, ila bei inapanda, na rangi yenyewe imepauka. Mzazi mwenye hela hiyo anunue vitabu vya karatasi na chenji ibaki.

Sasa Kiswahili. Hapa ndipo ninapoumia. Kwa msomaji wa Kiingereza hazina haina mwisho. Mradi wa Gutenberg pekee, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, una vitabu zaidi ya 70,000 vya bure, kwa kuwa hakimiliki zake zimekwisha. Ukikutana na neno gumu unalikandamiza kidogo na kamusi inafunguka hapo hapo. Wanafunzi wangu wanaotaka kukuza Kiingereza nawaambia hicho ni kitu kikubwa. Lakini Kiswahili Gutenberg ni cha nadra, na dukani Amazon utakuta vijitabu vya kujifunzia lugha vingi kuliko riwaya. Kezilahabi, Shaaban Robert, Said Ahmed Mohamed wako kwangu kwa karatasi, baadhi nimewaokota kwenye meza za vitabu vya mitumba. Kuna wanaopiga picha kitabu kizima na kukituma kwenye makundi kama PDF. Sizipokei. Picha zenyewe hazisomeki vizuri kwenye Kindle, na mwandishi au warithi wake hawaambulii hata senti. Kwa hiyo kama unasoma Kiswahili zaidi, jibu langu ni fupi: bado.

La kuazimana nalo lina uzito wake huku kwetu. Riwaya nzuri ikiingia chumba cha walimu inapita mikononi mwa nusu ya shule. Inarudi na alama ya mafuta ya chapati ukurasa wa kati na maoni ya penseli pembeni, mengine ya kuchekesha kuliko riwaya yenyewe. Au hairudi, na unajua kabisa iko kwa nani. Kitabu cha Kindle hukiazimishi hivyo. Labda umkabidhi mtu mashine nzima na maktaba yako yote. Hata kukimiliki hukimiliki sawasawa, unanunua ruhusa ya kusoma. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokuwa wamelipa, kwa kuwa aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Hela zilirudishwa na mkuu wa kampuni akaomba radhi, lakini hebu fikiria mwenye duka la vitabu anaingia sebuleni kwako usiku na kuchukua alichokuuzia. Na Februari 2025 waliondoa njia ya kupakua vitabu ulivyonunua kwenye tovuti yao na kuvihamisha kwa waya. Vya bure vya EPUB, aina ya faili la vitabu vya kielektroniki, unaweza kuvituma mwenyewe kwenye Kindle yako, na programu ya bure iitwayo Calibre itakusaidia kuvipanga kwenye kompyuta. Mimi nakala zangu za akiba naziweka humo.

Jambo jingine ni kuvunjika. Mwalimu mwenzangu aliweka yake kwenye begi la mgongoni, kosta ikajaa, begi likabanwa na gunia la viazi. Kwa nje haikuwa na hata mkwaruzo. Alipoiwasha, nusu ya juu ilikuwa maandishi na nusu ya chini picha iliyogandia, na haikubanduka tena. Mafundi simu wa Mwanjelwa wanafufua simu zilizotoka chooni, lakini kioo cha Kindle hawakuwa nacho. Nunua kava gumu siku ile ile unayonunua mashine.

Kuhusu bei, Kindle ya kawaida ya 2024 ilitoka Marekani kwa dola 110 hivi, na hiyo ni yenye matangazo kwenye kioo ikiwa imelala. Ikifika huku inaongezeka usafiri na faida ya muuzaji. Kununua vitabu kutahitaji kadi ya Visa au Mastercard, na hata ile kadi ya mtandaoni ya kwenye simu inaweza kukufaa. Nafasi isikusumbue, GB 16 zinabeba maelfu ya vitabu vya maandishi.

Ukipata iliyokwisha kutumika, omba iwashwe, igeuze kurasa kadhaa, angalia kama kuna mistari isiyofutika, kisha ingia kwenye mipangilio uone jina la akaunti. Kama bado ni la mtu mwingine, aliondoe mbele yako na uingize lako kabla hujatoa hela, kwa sababu iliyoripotiwa kuibwa Amazon inaweza kuizuia isisajiliwe tena. Muuzaji akianza kusema intaneti inasumbua, utafanyia nyumbani, rudisha pochi mfukoni.