Tuvukie wapi? Maswali yenu kuhusu kutembea kwa miguu Mtwara na Lindi

Maswali yaliyofika safari hii karibu yote yanamhusu mtu mmoja: yule anayekwenda shuleni, sokoni au hospitali kwa miguu yake. Nimeyafupisha, na majina ya walioandika nimeyaacha. Naanza na la mama wa wanafunzi wawili kwa sababu ndilo lililonikaa moyoni zaidi.

Shikamoo. Shule ya wanangu iko ng'ambo ya barabara kuu. Asubuhi wanavuka na madumu ya maji na fagio mikononi, na msimu wa korosho malori hayakatiki. Tumeomba tuta kwa mwenyekiti wa mtaa, akasema barabara ile si yake. Twende wapi? (Mama, Mtwara mjini)

Marahaba, mwanangu. Mwenyekiti hakukukwepa. Barabara kuu na barabara za mkoa ziko mikononi mwa TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania; za mitaani, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Serikali ya mtaa haiwezi kuweka tuta hata kwenye barabara ya vumbi inayopita mbele ya ofisi yake. Inacho kitu kingine, ambacho ofisi zote mbili hukiheshimu: muhtasari wa mkutano wa wananchi wenye mhuri. Anzieni hapo. Ombeni ajenda iingie kwenye mkutano wa mtaa, ijadiliwe, iandikwe, kisha barua iende kwa meneja wa TANROADS wa mkoa, nakala kwa mkuu wa usalama barabarani wa mkoa, kwa diwani na kwa ofisi ya mbunge. Mbunge nimemtaja makusudi. Yeye huingia kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa, kikao ambacho TANROADS na TARURA huleta taarifa zao mbele ya mkuu wa mkoa, na jambo likishatajwa mle hupata mtu wa kuliulizia kikao kinachofuata.

Barua isiishie kusema watoto wako hatarini. Mhandisi anataka mahali na hesabu. Andikeni namba ya nguzo ya umeme iliyo jirani na wanapovukia. Wazazi wawili wakae pale siku kadhaa za shule, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa moja na nusu. Mmoja ahesabu watoto, mwenzake ahesabu malori, mabasi, bajaji na pikipiki. Wekeni na picha. Kisha iwahini bajeti: mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na mipango yake huandaliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo barua ya Oktoba au Novemba ina nafasi kuliko ya Mei. Kwetu hiyo ndiyo miezi ya korosho pia, kwa hiyo hesabu yenu itaonyesha hali ilivyo pale inapokuwa mbaya zaidi.

Msiombe tuta peke yake. Kwenye barabara ya malori wahandisi huwa wazito kukubali, na tuta lililopandishwa kupita kiasi humwangusha mwendesha pikipiki usiku. Ombeni kivuko kilichoinuliwa: zebra inayochorwa juu ya sehemu bapa iliyonyanyuliwa kama sentimita 10, yenye mteremko wa taratibu kila upande. Gari linalazimika kupunguza mwendo, na mtoto anavuka akiwa juu kidogo, anaonekana. Kabla ya kivuko ziwepo rasta, yaani vituta vidogo vinavyofuatana, na kibao cha spidi 30. Rasta zenyewe hazitoshi, maana humshtua dereva lakini hazimlazimishi. Dar es Salaam jambo hili limekwishafanyika: shirika la usalama barabarani la Amend, kupitia mradi wake wa SARSAI, liliweka matuta, vivuko, njia za pembeni na vizuizi kwenye shule za msingi zilizokuwa na watoto wengi wanaogongwa, na mwaka 2019 mradi huo ukapata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Ni vitu vya saruji, lami na rangi. Hakuna hapo kisichowezekana Mtwara.

Wakati mnasubiri, msijenge tuta la udongo wenyewe. Sheria hairuhusu, na lisilo na rangi wala kibao litamuumiza mtu. Fanyeni zamu ya wazazi wenye makoti ya kung'aa, mkiomba trafiki awafundishe namna ya kusimamisha magari. Jambo jingine ni madumu. Mtazame mtoto wa darasa la pili anapovuka: mkono mmoja dumu la lita 5 linalomvuta upande, mkono wa pili fagio, na mdogo wake yuko nyuma bila wa kumshika. Pelekeni hoja kwenye kamati ya shule: tangi la kuvunia maji ya mvua, fagio zilale shuleni. Hilo halihitaji kibali cha mtu.

Mimi ni dereva wa bodaboda. Kila siku lawama ni zetu, wakati watu wanavuka popote, mwingine simu iko sikioni. Kwa nini hamuwaelimishi wao? (Lindi)

Kaka, wapo wanaovuka bila kuangalia, sikatai. Ila nakuomba tupige hesabu pamoja. Bibi mwenye fimbo akivuka barabara ya mita 7 anaweza kutumia sekunde 10. Pikipiki iliyo kwenye kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Maana yake bibi alipotia mguu barabarani ulikuwa zaidi ya mita 130 kutoka kwake, mbali kuliko urefu wa uwanja wa mpira, na ukiwa kwenye 80 ulikuwa zaidi ya mita 200. Aliangalia, akaona njia nyeupe, akaingia. Jicho la mtu haliwezi kupima spidi ya kitu kinachomjia moja kwa moja kutoka mbali kiasi hicho, hata liwe jicho la kijana. Ndiyo maana naanza na anayeendesha: yeye anacho kipima spidi mbele yake na breki mguuni.

Halafu kuna kusimama. Kwenye spidi 30, ukihesabu na ile sekunde moja ya kushtuka, unasimama ndani ya mita 13 hivi kwenye lami kavu. Kwenye 50 unahitaji kama mita 28. Mtu akikutokea mita 15 mbele, aliye kwenye 30 anasimama. Aliye kwenye 50 ndiyo kwanza anagusa breki. Kwa sababu hiyo mawaziri waliokutana Stockholm Februari 2020 walitaka spidi isizidi 30 mahali ambapo watu na magari hukutana mara kwa mara. Kwetu kikomo cha kwenye makazi ni 50, nacho ni cha juu kabisa. Hakuna anayekukataza kupita sokoni na 25.

Ombi langu kubwa kwako na wenzako wa kijiweni ni hili: gari likisimama mbele ya zebra, msilipite. Limesimama kwa sababu kuna mtu anavuka, na huyo mtu hamwoni kwa kuwa gari limemkinga, naye hawaoni ninyi. Hapo ndipo wanapogongwa watu waliofuata kila kitu walichofundishwa.

Nauza chai na mihogo kando ya barabara karibu na soko. Tunaambiwa tunaziba njia ya waenda kwa miguu. Je, ni kweli tunawazuia wateja wetu wenyewe? (Mama lishe, Mtwara)

Dada yangu, inategemea umekaa wapi kwa mita moja tu. Njia ya watu ikibaki na upana wa mita 2 iliyo wazi, wawili wanapishana na mwenye kiti cha magurudumu anapita. Ikibaki nusu mita, watu wanashuka barabarani na kukutana na bajaji. Kuwafukuza wauzaji wote hakumsaidii anayetembea: mtaa wenye mama lishe una macho ya watu na una mwanga jioni, na binti anayetoka kazini anapita bila hofu. Ninachotaka ni mstari. Uchorwe kwa rangi, mkubaliane ninyi, mtendaji wa mtaa na TARURA: meza zikae ndani ya mstari, upande wa mtaro uliofunikwa au wa ukuta, na jiko la mkaa lisiguse sehemu ya kupita, maana watoto hupita pale wakikimbia. Nendeni kwa pamoja, mkiwa na kiongozi wenu, kabla agizo halijatoka.

Mikindani barabara kuu inapita katikati yetu, vichochoro vya mji wa zamani navyo bodaboda zinaingia kwa kasi. Wengine wanataka vichochoro vipanuliwe. Wewe unasemaje? (Mikindani)

Visipanuliwe, mzee wangu. Vichochoro vya Mikindani vilikuwepo na nyumba zake za mawe kabla ya gari la kwanza kufika pwani hii, na ni miongoni mwa sehemu nzuri za kutembea kusini nzima: kivuli saa sita mchana, baraza za kupumzikia, watu wanaosalimiana. Ukivunja kuta ili gari lipite, unapoteza vyote hivyo, na unachopata ni mahali pa kuegesha. Vichochoro vifungwe kwa vyombo vya moto kwa vigingi vifupi vya zege kwenye mdomo, kigingi cha katikati kiwe cha kung'oka, ili gari la wagonjwa au la zimamoto likihitajika lipite hadi pale upana unaporuhusu. Bodaboda zibaki na kituo nje, hatua chache tu.

Barabara kuu ndiyo kazi ngumu. Inaunganisha Mtwara na Lindi hadi Dar es Salaam, malori ya saruji na ya korosho yanaitegemea, hatuwezi kuifunga. Dereva anayetoka Lindi anaingia Mikindani akiwa bado na mwendo wa njia ndefu. Anahitaji kuona kwa macho kwamba amefika mjini: barabara ibanwe kidogo pale makazi yanapoanza, miti ipandwe karibu pande zote mbili, taa, na kisiwa cha katikati ili anayevuka kwenda ufukweni avuke nusu, apumue, amalizie nusu. Kwa mzee, kisiwa hicho kina faida kuliko kibao chochote.

Kwa nini Mtwara yenye barabara pana namna hii, sisi wanafunzi wa chuo tunatembea kwenye mchanga na jua la utosi? (Mwanafunzi)

Upana huo una historia. Mji ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati Waingereza walipotarajia karanga za Nachingwea zisafirishwe kwa reli hadi bandari mpya ya Mtwara. Mpango wa karanga ulianguka mwaka 1951, reli nayo ikang'olewa miaka ya 1960, lakini michoro ya mji mkubwa ilibaki. Ndiyo maana mitaa imeachana na hifadhi za barabara ni pana. Nafasi ya njia za miguu tunayo tayari, bila kuvunja nyumba ya mtu, na miji mingi ingetamani bahati hiyo. Sasa hivi imekaliwa na lundo la kokoto, gereji, na magari yanayosubiri wateja.

Tunachohitaji ni njia ya mita 2, iliyoshindiliwa vizuri, na safu ya miti kati yake na lami. Mijohoro na miarobaini inakubali udongo wetu na haichelewi kutoa kivuli. Ipandwe Desemba mvua zinapoanza, si kwenye sherehe za kiangazi ambapo mche unakufa wiki ya tatu. Kila mti upewe nyumba au duka la kuumwagilia.

Natumia kiti cha magurudumu. Mtaro wa mtaani kwetu una mifuniko, lakini michache imevunjika na mingine imeibwa. Nalazimika kupita barabarani. (Lindi)

Pole sana ndugu yangu, na asante kwa kuandika. Mfuniko mmoja uliovunjika, nondo zikichungulia, unafunga njia nzima kwako kama ilivyo kwa mama mwenye mtoto mgongoni gizani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakupa haki ya kufika mahali pa umma, kwa hiyo barua yako kwa meneja wa TARURA wa wilaya iitaje kwa jina lake. Taja kila mfuniko ulipo, kwa kutumia duka au nyumba ya jirani. Pendekeza mifuniko mipya iwe ya zege zito isiyo na pete za chuma za kuiba, na kila njia panda iwe na mteremko wa kushukia. Peleka nakala kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ukihitaji mtu wa kukusaidia kuandika, mwombe mtendaji wa mtaa.

Usiku hakuna taa njia ya kwetu. Tufanyeje? (Mtwara)

Pasipo na njia ya pembeni, tembea upande wa kulia ili magari ya upande wako uyaone yakija. Vaa nguo au kanga nyeupe, tochi ya simu ielekee chini mbele yako. Kwenye mkutano wa mtaa ombeni taa za sola zianzie kwenye vivuko na vituo vya mabasi.

Zebra ya karibu na stendi yetu hupakwa rangi kila ugeni mkubwa unapokuja, baada ya miezi michache imefutika. Ina faida? (Lindi)

Ina faida ndogo. Rangi ya kawaida haidumu kwenye barabara yenye mchanga na magari mengi. Ipo rangi nzito inayoyeyushwa kwa moto na kunyunyiziwa chembe za kioo. Hudumu muda mrefu zaidi na usiku hurudisha mwanga wa taa za gari. Ombeni hiyo, pamoja na kibao cha zebra pande zote. Hata hivyo mistari haimsimamishi mtu anayekuja na 70, kwa hiyo karibu na stendi panahitaji kuinuliwa kama nilivyomweleza mama wa Mtwara. Kingine mnachoweza kuanza nacho kesho ni bajaji: zisisubiri abiria ndani ya mita 10 za zebra, kwa sababu ndizo zinazomficha anayevuka. Kijiwe kina mwenyekiti wake. Mfuateni asubuhi kabla foleni haijajaa, simameni naye pale pale kwenye zebra, mumwonyeshe asichokiona mtoto akiwa nyuma ya bajaji.