Jibu: Madoa meusi kwenye mbao za boti

Kaka, umeuliza kama madoa meusi kwenye reli za mtiki yatatoka kwa msasa pekee. Usijaribu, utazila mbao bure. Weusi ule kwa kawaida ni maji yaliyopenya chini ya vanishi iliyopasuka, yakakutana na chuma cha misumari. Kwangua vanishi yote, pakaa asidi ya oksaliki (dawa ya kutoa madoa ya kutu kwenye mbao) iliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu (vaa glavu, ni sumu), suuza sana, acha mbao zikauke kabisa. Ndipo upige msasa namba 120, halafu 220. Vanishi ya mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, ichanganye na thina (kimiminika cha kuilainisha) nusu kwa nusu, mbao ziinywe. Endelea hadi mikono sita, ukipiga msasa kidogo katikati. Paka asubuhi umande ukishakauka. Jua la adhuhuri huleta malengelenge. Na tafadhali, usisugue kwa waya wa kusugulia sufuria! Vipande vyake hubaki ndani na kuota kutu.