Maswali Yenu: Mbona maji yamepinda na kaboni dayoksaidi imenyooka?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko fomu faivu. Kitabu chetu kimechora H2O imepinda kama goti, CO2 imenyooka kama rula, na zote si zina atomi tatu tatu? Ticha alisema "elektroni zinasukumana" akafuta ubao, kengele ikalia. Zinasukumanaje mpaka mtu anapata nyuzi 104.5? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ticha hajakudanganya ila kakuacha njiani. Nenda jikoni chukua ndimu moja na stiki nne za kuchokolea meno. Ndimu ndo atomi ya katikati, kila stiki ni jozi ya elektroni, na elektroni zote ni chaji hasi kwahiyo kila jozi inataka kukaa mbali na wenzake ila hakuna ruhusa ya kutoka kwenye ndimu (wa chuo watasema sio chaji peke yake, kuna na kanuni ya Pauli inayozuia elektroni zinazofanana kukaa mahali pamoja, sawa, wako sahihi). Haya zichome. Wengi wanazipanga kiunoni, msalaba, nyuzi 90 kwa 90, wanajua wamemaliza. Hebu iangalie, juu na chini peupe kabisa, stiki zimebanana pale katikati kama abiria wa daladala waliogoma kusogea nyuma! Chomoa zote, moja isimamishe juu, tatu zielekee chini kwa kutanuka kama miguu ya kigoda. Sasa pima pembe yoyote, unapata 109.5, na huwezi kuzitenganisha zaidi ya hapo. Hiyo ndo methani, CH4, kaboni ndo ndimu na kila ncha ya stiki kuna haidrojeni. Mimi vitabu vinavyoichora kama alama ya kujumlisha vinanikera kweli, maana mtoto anaondoka na picha bapa kichwani.

Sasa maji. Oksijeni ina elektroni sita za nje, mbili imeshikia haidrojeni (kila moja imeungana na elektroni ya haidrojeni kuwa jozi, yaani stiki mbili), zinabaki nne, yaani jozi mbili zilizokaa tu hazijashika mtu. Hazijashika mtu lakini nafasi zinakula! Kwahiyo stiki bado nne, kigoda kilekile, ila mchoro unaonesha atomi tu hivyo stiki mbili huzioni, unaona goti. Afu hizo jozi zisizoshika mtu zinavutwa na kiini kimoja tu (kile cha chaji chanya katikati ya atomi), sio viwili, kwahiyo zinatanuka hapo karibu na oksijeni na kuwabana wenzao, ndo 109.5 inashuka mpaka 104.5. Amonia yenye jozi moja ya hivyo iko kwenye 107 hivi.

CO2 ni fupi. Kaboni ina nne za nje na zote imetumia, mbili kwa oksijeni ya huku mbili kwa ya kule, hakuna iliyokaa bure. Bondi mbili zikielekea upande mmoja zihesabu stiki moja, kwahiyo una stiki mbili, na mbili zinakimbiana mpaka ncha hii na ncha ile ya ndimu, 180.

Wazo hili wanakemia Sidgwick na Powell walilitoa Uingereza 1940, Gillespie na Nyholm wakalinyoosha 1957. Ila usilitumie kukokotoa namba, linakupa umbo. Haidrojeni salfaidi, H2S, ina jozi zilezile nne lakini pembe yake ni kama 92, ukiandika 104 kwenye mtihani umeumia.

SWALI: Sisi tusio wanafunzi inatuhusu nini? (Mama wawili, Tanga)

JIBU: Inakuhusu dada yangu, fungua soda uone. CO2 imenyooka, oksijeni ya huku na ya kule zinavuta sawa kama timu mbili za kuvuta kamba zilizotoshana, haina upande wa chanya wala hasi, kwahiyo molekuli zake hazishikani sana. Maji yamepinda, upande wa oksijeni hasi, wa haidrojeni chanya, basi kila molekuli imeng'ang'ania jirani. Ndo maana CO2 yenye uzito wa molekuli wa 44 inatoka puu ukifungua kizibo, na maji yenye 18 tu yanabaki kwenye chupa yametulia.